Neno Mionzi na Mipaka ya Maana Yake

Mionzi ni wingi wa mwonzi, na kwa asili humaanisha mistari ya mwanga itokayo kwenye jua, taa au moto. Katika maana hiyo neno hili ni jirani wa karibu wa miale. Nuru, lenye asili ya Kiarabu, limeelemea zaidi kwenye dini, uongofu na haiba ya uso. Mionzi ndilo lililochukuliwa na hospitali, maabara na sheria, likabebeshwa mambo ambayo jicho haliyaoni kabisa.

Upanuzi huo ulifuata mkondo wa fizikia. Mwaka 1800 William Herschel aliutawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, akakuta joto mahali pasipo na rangi yoyote. Mwaka uliofuata Johann Ritter aligundua urujuanimno katika upande wa pili wa rangi hizo. Wilhelm Röntgen aligundua eksirei huko Würzburg, Ujerumani, mwaka 1895, na mwaka 1896 Henri Becquerel akabaini jijini Paris kwamba chumvi ya urani hutia alama kwenye bamba la picha hata ikiwa gizani. Ugunduzi wa Becquerel ndio uliovuruga mambo. Mawimbi ya redio, joto la jua, mwanga, eksirei na gama ni ukoo mmoja wa mawimbi ya sumakuumeme, yasafiriyo katika ombwe kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Alfa na beta, zinazotoka pia kwenye madini kama urani, ni chembe zinazofyatuka kutoka kwenye kiini cha atomu. Zote zinaitwa mionzi.

Istilahi za jirani hupunguza mzigo huo zikitumiwa kwa uangalifu. Mnururisho, neno lililozoeleka katika masomo ya sayansi pamoja na njia nyingine za kusafiri kwa joto, hutaja tendo la kutoa na kusambaza nishati. Unururifu ni tabia ya kitu ambacho viini vyake havijatulia. Mionzi ni kile kinachotoka. Jiwe la urani basi lina unururifu. Taa ya umeme haina, ingawa nayo hutoa mionzi usiku kucha.

Mpaka wenye uzito zaidi kwa afya ni ule wa nishati. Mionzi ya kuayonisha, yaani eksirei, gama, alfa na beta, inaweza kung'oa elektroni kwenye atomu na hivyo kuharibu chembechembe za urithi. Mawimbi ya redio hayana uwezo huo. Nchini Tanzania sheria ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi kusimamia usalama wa mionzi, na tangu 2003 kazi hiyo iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Chombo hichohicho hupima unururifu wa vyakula vinavyoingia nchini na pia mawimbi ya minara ya simu. Mwandishi wa habari anayeandika “mionzi” pekee katika taarifa za vipimo vyote viwili humwachia msomaji hofu moja kwa mambo mawili yasiyolingana. Kivumishi hapa, “ya kuayonisha” au “isiyoayonisha”, si pambo.

Hata hivyo, kutoayonisha hakumaanishi kutodhuru. Sehemu kubwa ya urujuanimno wa jua haing'oi elektroni, lakini huharibu chembechembe za urithi kwenye ngozi. Watu wenye ualbino, wanaokosa kinga ya melanini, hupata saratani ya ngozi wakiwa na umri mdogo kwa sababu ya jua la kila siku. Anayesema “mionzi ya jua” kana kwamba ni lugha ya ushairi tu anasahau maisha yao.

Tofauti ya mwisho ni kati ya kupigwa mionzi na kuchafuliwa na vitu vyenye unururifu. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mashine ya mionzi ya nje hatoki na mionzi mwilini. Anaweza kumkumbatia mtoto wake mara moja, na familia yake inastahili kuambiwa hivyo waziwazi. Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, hali ilikuwa kinyume: unga wa elementi nururifu ya sizi-137 (cesium) kutoka kwenye mashine ya tiba iliyotelekezwa ulishikwa kwa mikono, ukasambaa majumbani, na watu wanne wakafa. Walichobeba mwilini na kwenye nguo kilikuwa chanzo chenyewe. Mfano mwingine wa kupigwa mionzi bila kuchafuliwa ni wa wadudu: mbung'o dume waliofugwa Tanga na kuachiwa Unguja katika miaka ya 1990 walikuwa wamepigwa gama hadi wakawa tasa. Waliruka, wakajamiiana bila kuzalisha, na mbung'o wakatoweka kisiwani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepeleka unururifu Unguja.