Eksirei

Mgonjwa wa mtaa wa Tudor, Mombasa, akiambiwa akapigwe eksirei ya jino, anatamka X ya mwanafizikia Röntgen, alama ya kisichojulikana, aliyoitumia mwaka 1895 alipogundua mionzi ya eksirei. Jina limebaki, ingawa mionzi yenyewe sasa inajulikana vyema. Siku hizi mara nyingi kitambuzi kidogo hutiwa mdomoni, na picha hutokea kwenye kompyuta papo hapo bila filamu.

Kwenye picha hiyo, cheupe ni kigumu: mfupa, jino, na zaidi madini ya kuzibia. Cheusi ni laini au wazi. Doa jeusi ndani ya gego huenda ni kuoza; kwenye ncha ya mzizi, huenda ni usaha. Nasema huenda, kwani mfupa wa taya una vitundu vyake vya kawaida. Mwombe daktari akuonyeshe doa hilo kwenye skrini kabla hujakubali kung'olewa jino.