Mwanagenzi na Pango: Uteuzi wa Matini katika Historia ya Michezo ya Masimulizi

Mwalimu wa fasihi anapotakiwa kumwingiza mwanafunzi katika utanzu mgeni, desturi humwelekeza aanzie mwanzo: matini kongwe kwanza, changa baadaye. Desturi hiyo ina mantiki yake, lakini si kila utanzu unaoihimili. Makala haya yanachunguza utanzu mmoja usioihimili, yaani mchezo wa masimulizi ya maandishi. Katika mchezo wa aina hii tarakilishi humweleza msomaji mahali alipo, naye huandika amri ya kitendo anachotaka mhusika wake akitende, na masimulizi huendelea kwa mujibu wa amri hiyo. Hoja inayotetewa ni kwamba matini zilizouasisi utanzu huu hazimfai mwanagenzi. Kigezo cha kumteulia matini ya kwanza si umri wa matini wala wepesi wa mafumbo, bali ni namna matini yenyewe inavyomchukulia msomaji anaposhindwa.

Katika kitabu chake Twisty Little Passages (2003), Nick Montfort anauhusisha utanzu huu na kitendawili, ambacho anakiona kuwa asili yake ya kifasihi. Uhusiano huo una uzito wa pekee kwa mhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili, kwa kuwa utegaji wa vitendawili una kanuni isiyoonekana katika orodha za vitendawili vitabuni. Anayeshindwa kufumbua hatupwi nje ya baraza. Huombwa mji, akautoa, mtegaji akausimulia mji huo aliopewa, kisha akalitaja jibu na mchezo ukaendelea. Mji ni gharama ya kushindwa, na papo hapo ni njia ya kurudi mchezoni. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa kuhusu kila mchezo wa masimulizi ni hili: je, msomaji aliyeshindwa ana mji wa kutoa?

Adventure, mchezo ulioasisi utanzu, haukuwa na mji wa kutosha. Uliandikwa mnamo 1976 na Will Crowther, mtaalamu wa programu katika kampuni ya Bolt, Beranek and Newman huko Massachusetts, Marekani. Crowther alikuwa pia mpenzi wa kuzuru mapango, na katika mchezo huo aliiga sehemu ya pango halisi la Kentucky ambalo alishiriki kulichora ramani. Aliwakusudia binti zake waucheze. Mwaka 1977 Don Woods wa Chuo Kikuu cha Stanford aliupanua kwa kuongeza hazina na mafumbo. Utafiti wa Dennis Jerz uliochapishwa mwaka 2007 uliilinganisha programu asilia ya Crowther na pango lenyewe, ukabainisha jinsi matini inavyolifuata pango hilo kwa karibu. Uhalisia huo ndio fahari ya Adventure, lakini humwelemea mgeni. Taa huishiwa nguvu. Vijia vya pango hufanana hata msomaji asijue atokako. Ndege wa kumfukuzia nyoka hakubali kukamatwa iwapo mchezaji amebeba fimbo fulani, na matini haisemi kwamba tatizo ni fimbo. Wasomaji wa awali, wengi wao wakiwa watu wa maabara za tarakilishi, walikuwa na wenzao wa kuwauliza. Baraza lao lilitoa msaada ambao matini haikuutoa. Mwanagenzi anayeusoma mchezo huo peke yake leo hana baraza hilo.

Zork, ulioanzwa mwaka 1977 na Tim Anderson, Marc Blank, Bruce Daniels na Dave Lebling katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, uliikuza lugha ya amri. Adventure ulipokea maneno mawili tu, ilhali Zork ulielewa sentensi ndefu zaidi. Hata hivyo, ukali ulibaki. Katika sehemu yake ya kwanza, iliyotolewa kwa tarakilishi za nyumbani mwaka 1980, kuna yai la thamani ambalo msomaji akilifungua mwenyewe huharibika. Mwizi ndiye pekee awezaye kulifungua salama. Msomaji asiyelijua hilo huipoteza hazina na kuendelea kucheza bila kujua kwamba hawezi tena kupata alama zote.

Kampuni ya Infocom, iliyoanzishwa mwaka 1979 na kuichapisha Zork, ililitambua tatizo hili. Iliuza vijitabu vya vidokezo vilivyochapwa kwa wino usioonekana, ambao msomaji aliufichua kwa kalamu maalumu, kidokezo kimoja baada ya kingine. Huo ulikuwa mji wa kununuliwa dukani. Iliipanga pia michezo yake kwa madaraja ya ugumu. Wishbringer wa Brian Moriarty (1985) uliwekwa katika daraja la wanaoanza: mhusika wake, karani wa posta, hupata jiwe la kutimizia matakwa saba, na mengi ya mafumbo yaweza kutatuliwa ama kwa jiwe hilo au kwa akili ya msomaji. Kila takwa hutumika mara moja tu. Hapa mji umetiwa ndani ya masimulizi yenyewe, pamoja na gharama yake. Kinyume chake, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy wa Douglas Adams na Steve Meretzky (1984) uliwekwa katika daraja la kawaida, ilhali kosa dogo la mwanzoni, kama kutomlisha mbwa, humwadhibu msomaji baadaye sana. Madaraja hayo yalipima ugumu wa mafumbo bila kupima adhabu.

Infocom ilifungwa mwaka 1989, na utanzu ukaendelezwa hasa na wapenzi walioandika bila malipo. Kwao ndiko uhakiki ulikokomaa. Katika The Craft of Adventure (1995) Graham Nelson aliorodhesha haki za mchezaji, miongoni mwake haki ya kutouawa bila onyo na haki ya kutofungiwa njia ya ushindi bila kujulishwa. Mwaka 1996 Andrew Plotkin alipendekeza vipimo vitano vya ukali, kuanzia matini yenye huruma, ambayo haimfungii msomaji njia kamwe, hadi matini katili, ambayo humfungia asijue kamwe kwamba amefungiwa. Vipimo hivyo vilitenganisha ugumu na ukatili. Plotkin mwenyewe aliandika The Dreamhold (2004) kwa ajili ya wanagenzi: sauti ya mwelekezi humfuata msomaji na kumfunza amri, naye aweza kuinyamazisha apendapo.

Kwa msingi huo, The Dreamhold na Wishbringer zinafaa kutangulia. Photopia wa Adam Cadre (1998), wenye mafumbo machache na wasimulizi kadhaa, utamvutia mwanafunzi wa fasihi, lakini hautamfunza mengi kuhusu kufumbua. Lost Pig (2007) humjibu msomaji kwa ucheshi hata anapokosea, ila msimulizi wake huzungumza Kiingereza kilichovunjika kwa makusudi, na msomaji ambaye Kiingereza ni lugha yake ya pili au ya tatu huenda asiitambue dhihaka. Adventure na Zork zisomwe baada ya hizo, kama vile tenzi kongwe za Kiamu zinavyosomwa na aliyekwisha kupata ufunguo wa msamiati wake.

Suala la lugha lina upande mwingine. Amri ya Kiingereza hutenganisha kitenzi na nomino, na programu hizi zilijengwa juu ya utengano huo. Kiswahili huweza kukitia kitendwa ndani ya kitenzi: anayeandika "lifungue" mbele ya sanduku na chupa amekwisha kubainisha kwa ngeli kwamba anakusudia sanduku. Mchezo utakaoandikwa kwa Kiswahili utahitaji programu inayoelewa upatanisho huo. Mwandishi wake atatoka miongoni mwa waliowahi kuupenda utanzu huu, na mwanafunzi aliyeachwa gizani katika pango la Crowther katika juma lake la kwanza huenda asirudi tena kuusoma.