Vitabu vya Akiba kati ya Troyeville na Braamfontein

Troyeville, mtaa mkongwe ulio mashariki ya kitovu cha Johannesburg, haukuwa na chuo kikuu, hivyo wakazi wake waliosoma au kufundisha walivuka jiji hadi Braamfontein, kwenye Chuo Kikuu cha Witwatersrand, maarufu kwa jina la Wits. Mmoja wao alikuwa David Webster, mhadhiri wa anthropolojia na mpinzani wa ubaguzi wa rangi, aliyepigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake katika Barabara ya Eleanor tarehe 1 Mei 1989, na ambaye bustani ya mtaa huo sasa inaitwa kwa jina lake.

Kwa wanafunzi wa enzi hiyo, kozi ilitegemea vitabu vya akiba, yaani vile ambavyo mhadhiri huagiza viondolewe kwenye rafu za kawaida na kuwekwa nyuma ya kaunta, viazimwe kwa saa chache tu ili nakala moja izungukie darasa zima. Utaratibu huu ulizaliwa na uhaba, na Wits iliujua uhaba mapema, kwani moto wa mkesha wa Krismasi wa 1931 uliteketeza takriban vitabu 35,000 vya maktaba yake. Serikali ya ubaguzi iliongeza uhaba mwingine, huu wa makusudi: vitabu vilipigwa marufuku, na maneno ya watu waliowekewa amri za kuwanyamazisha hayakuruhusiwa kunukuliwa, hata yale yasiyogusa siasa.

Akiba ya kielektroniki, ambayo sura ya kitabu hupigwa skani na kufunguliwa kwa nywila, iliondoa foleni ya kaunta lakini, kwa kweli, mgao ulibaki. Kanuni zilizofuata Sheria ya Hakimiliki Na. 98 ya 1978 zilimruhusu mwalimu kutoa nakala kwa darasa, isizidi moja kwa kila mwanafunzi katika kozi, lakini ziliandikwa wakati nakala ilikuwa karatasi. Ndiyo maana vyuo hulipia leseni za DALRO, chombo kinachosimamia haki za waandishi na wachapishaji. Maboresho ya maana hapa si mashine mpya, bali ni mhadhiri kuwasilisha orodha yake mapema, na mkutubi kuweka kiungo cha makala ambayo chuo kimekwisha kuilipia badala ya kuipiga skani na kuilipia upya. Muswada wa kurekebisha sheria hiyo, uliopanua ruhusa za kufundishia, ulirudishwa bungeni mwaka 2020, ukapitishwa tena, na Oktoba 2024 Rais Cyril Ramaphosa akaupeleka Mahakama ya Katiba.