Ukazi na Haki ya Kupiga Kura: Prairie View, Texas, katika Chaguzi za Urais wa Marekani, 1972–2018

Historia ya upigaji kura wa urais katika mji wa chuo kikuu mara nyingi huandikwa kwa kuorodhesha washindi. Kwa Prairie View, mji mdogo katika Kaunti ya Waller, kaskazini-magharibi mwa Houston, orodha hiyo hubainisha machache. Mji huo ni makao ya chuo kilichoasisiwa mwaka 1876 kwa ajili ya vijana Weusi. Hata hivyo, tangu mwaka 2000 kaunti nzima imewapa ushindi wagombea wa Republican katika kila uchaguzi wa urais. Jumla ya kaunti huzimeza kura za mji. Kwa hiyo, swali la msingi katika historia hii si nani alishinda, bali nani alikubaliwa kuwa mkazi.

Marekebisho ya 26 ya Katiba, yaliyoidhinishwa mwezi Julai 1971, yalishusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18. Uchaguzi wa 1972, baina ya Nixon na McGovern, ulikuwa wa kwanza wa urais chini ya sheria hiyo. Katika Kaunti ya Waller, uandikishaji ulikuwa mikononi mwa afisa aliyekusanya kodi. Watu aliowafahamu, au waliokuwemo katika daftari la kodi ya mali, waliandikishwa bila maswali. Wanafunzi walipewa hojaji: je, wanamiliki nyumba katika kaunti? Wana ajira huko? Wanakusudia kufanya nini baada ya masomo? Mwaka 1978 mahakama ya shirikisho ilipiga marufuku utaratibu huo, na Januari 1979 Mahakama ya Juu, katika shauri la Symm dhidi ya Marekani, iliuthibitisha uamuzi huo.

Ushindi wa mahakamani haukuufunga mjadala. Mwishoni mwa 2003, mwendesha mashtaka wa wilaya alidai kwamba wanafunzi hawakuwa wakazi kisheria na akadokeza uwezekano wa kuwashtaki. Februari 2004, mwanasheria mkuu wa jimbo alitoa maoni yaliyoilinda haki yao. Mwaka 2008, katika kura za mchujo baina ya Obama na Clinton, wanafunzi waliandamana takribani kilomita 11 hadi Hempstead, makao makuu ya kaunti, ili kupiga kura za mapema. Oktoba 2018, wanafunzi walifungua kesi kuhusu uhaba wa nafasi za kupiga kura za mapema mjini mwao. Kizuizi kilikuwa kimebadilika sura: kutoka hojaji, kikawa tishio la mashtaka, kisha umbali na saa za kituo.

Hoja ya viongozi wa kaunti haistahili kupuuzwa. Kila jimbo hudai ukazi, na mtu anayetarajia kuondoka huweza kuamua mambo ambayo wengine watabaki nayo. Lakini shahada ya kwanza huchukua kwa kawaida miaka minne, muda sawa na muhula mmoja wa urais. Aidha, mfanyakazi mgeni asiyejua ataishi wapi baada ya miaka minne hakutiliwa shaka kwa sababu ya kazi yake, kama mwanafunzi alivyotiliwa shaka kwa sababu ya masomo yake.

Inabaki kueleza kwa nini kura hizo zilizuiwa kwa bidii kiasi hicho. Tangu 1976, hakuna mgombea wa Democratic aliyeshinda Texas katika uchaguzi wa urais, na mshindi wa jimbo hupata kura zake zote za wajumbe. Kura za Prairie View zisingeweza kubadili matokeo hayo. Hata hivyo, uandikishaji ni mmoja. Anayeandikishwa kumchagua rais huandikishwa pia kumchagua mkuu wa polisi wa kaunti, makamishna wake, na hata mkusanya kodi mwenye daftari lenyewe. Katika kaunti ndogo, wapigakura elfu chache ni nguvu halisi. Kwa mtazamo huu, mvutano uliojitokeza katika misimu ya uchaguzi wa urais ulihusu, kwa kiasi kikubwa, mamlaka ya nyumbani. Anayesoma takwimu za matokeo pekee hataliona jambo hilo, kwa kuwa takwimu huanza kuhesabu baada ya mlango wa uandikishaji kuvukwa.