Matunzo ya mtoto: Maneno ya kuyajua kabla hujafika mahakamani

Mwezi huu baba katuma Sh20,000 kwa simu, mwezi ujao kimya. Mzazi wa Mvumi akipeleka suala hilo kwa ofisa ustawi wa jamii wilayani Chamwino, atakutana na maneno ambayo nyumbani hayasikiki sana. Mengi yanatoka kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Haya ndiyo ya msingi.

Matunzo
Si hela ya chakula tu. Yanahusu pia malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, na elimu. Mtoto ana haki hiyo hata kama wazazi hawakuoana.

Mwombaji na mjibu maombi
Mwombaji ni anayepeleka ombi mahakamani, mjibu maombi ni anayedaiwa matunzo. Mwombaji si lazima awe mama. Anaweza kuwa mlezi, ndugu wa mtoto, ofisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima anayemwakilisha.

Miezi 24
Hapa wengi wanakwama. Ombi dhidi ya mwanamume anayedaiwa kuwa baba linaweza kupelekwa tangu ujauzito, au ndani ya miezi 24 baada ya mtoto kuzaliwa. Muda huo ukipita, bado linaweza kusikilizwa kama kuna ushahidi kwamba ndani ya miezi hiyo alitoa pesa ya matunzo. Kwa hiyo ile meseji ya muamala usiifute.

Uthibitisho wa ubaba
Mahakama inaweza kuangalia jina la baba kwenye kumbukumbu za vizazi, mila aliyoifanya kwa ajili ya mtoto, kama alimkubali hadharani, au kipimo cha DNA. Kipimo hicho hufanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Huendi tu mwenyewe na mtoto mkononi, ombi hupitia kwa mamlaka kama mahakama au ofisa ustawi wa jamii, au kwa wakili.

Taarifa ya uchunguzi wa kijamii
Ofisa ustawi wa jamii huangalia hali halisi ya mtoto na familia, kisha huiandikia mahakama.

Kipato na mali
Sheria haijapanga kiwango kimoja kwa wote. Hakimu hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha. Kwa eneo la wakulima wa zabibu na mtama, na wafugaji, kukosa mshahara si kukosa uwezo. Shamba na ng'ombe navyo ni mali.

Uangalizi na haki ya kumwona mtoto
Uangalizi ni kukaa na mtoto na kumlea. Anayeishi mbali naye anaweza kuomba haki ya kumwona. Kunyimwa nafasi hiyo hakumfutii baba wajibu wa kutoa matunzo. Apeleke ombi mahakamani, asikate pesa.

Amri ya matunzo
Inaweza kuwa ya malipo ya vipindi, mfano kila mwezi, au ya mkupuo. Kwa kawaida hudumu hadi mtoto atimize miaka 18, na inaweza kuongezwa akiwa bado anasoma. Hali ya mzazi ikibadilika, kipato kikipanda au kushuka, mahakama inaweza kuombwa iibadilishe.

Malimbikizo
Ni pesa ambayo haikulipwa kwa wakati. Andika tarehe na kiasi kilichokosekana kila mwezi, kisha rudi mahakamani kuomba amri itekelezwe.

Ombi la matunzo husikilizwa na Mahakama ya Watoto. Hujui uanzie wapi? Nenda kwa ofisa ustawi wa jamii, au piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure.