Kutoka Niru hadi Epoksi: Mng'aro wa Sakafu Uliohamia Juu

Neno sakafu tumelipata kwa Waarabu, na kwao saqf ni paa. Katika nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja, dari ya chumba cha chini ndiyo iliyokuwa sakafu ya chumba cha juu, na sakafu ya juu kabisa ndiyo iliyopokea mvua. Kwa hiyo neno lilishuka kutoka utosini hadi nyayoni bila taabu. Asili hiyo inafaa kukumbukwa tunapoitazama sakafu ya zege ya gereji ya kisasa, ile iliyopakwa epoksi na kufunikwa kwa vanishi angavu mpaka taa zinajiona ndani yake. Wengi huuchukulia mng'aro huo kuwa pambo tu, tena pambo jipya. Mimi naona ni mwisho wa safari ndefu ya kupambana na maji na vumbi. Katika safari hiyo mng'aro umehama: zamani ulitoka ndani ya sakafu yenyewe, leo unawekwa juu yake. Uhamisho huo ulirahisisha kazi sana, lakini ulileta udhaifu ambao mafundi wa chokaa hawakuwa nao.

Fundi wa pwani alipanga boriti za mikoko ukutani hadi ukutani, akazifunika kwa vipande bapa vya matumbawe, kisha akamwaga mchanganyiko wa chokaa na kokoto za mawe hayohayo. Hapo ndipo kazi kubwa ilipoanza. Sakafu ilipigiliwa kwa magongo ikiwa bado na unyevu, siku baada ya siku, ili hewa na maji vitoke na kila ufa uliojitokeza uzibwe kabla haujakauka. Chokaa haikauki kama tope linavyokauka. Ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni mpaka yakaachia hewa ya kaboni, na yakishakuwa chokaa iliyolowekwa huirudisha hewa hiyo polepole na kuwa jiwe tena. Kadiri uso ulivyoshindiliwa na kusuguliwa, ndivyo jiwe hilo jipya lilivyokuwa na vitundu vichache na kung'aa zaidi. Ndugu wa ufundi huu walifika mbali. Yemen wana qadad, chokaa iliyochanganywa na mawe ya volkano, ikasuguliwa kwa jiwe na kupakwa mafuta ya wanyama. Wajenzi wa madrasa ya Amiriya mjini Rada, iliyojengwa mwaka 1504, waliitumia, na waliolikarabati jengo hilo chini ya Selma Al-Radi walilazimika kuufufua ufundi huo kwanza. Marrakesh wana tadelakt, inayosuguliwa kwa kokoto ya mtoni na sabuni nyeusi ya zeituni. Sabuni hiyo haikai juu kama rangi. Inaungana na chokaa na kuzaa sabuni nyingine isiyoyeyuka majini, ndani ya vitundu vya chokaa yenyewe. Hilo ndilo jambo ninalotaka lizingatiwe: katika mila zote hizi kinachong'aa ni sakafu, wala si kitu kilichowekwa juu ya sakafu.

Saruji haikuivunja mila hiyo mara moja. Joseph Aspdin wa Leeds, Uingereza, alipata hataza ya saruji aliyoiita Portland mwaka 1824. Kwetu kiwanda cha Bamburi kilianza uzalishaji mwaka 1954 na cha Wazo Hill mwaka 1966. Mafundi waliopokea mifuko ya saruji walikuja na mikono ileile ya chokaa, na ushahidi uko katika neno niru. Mjenzi wa Maharashtra akitaja niru anamaanisha chokaa laini ya kumalizia ukuta. Fundi wa Dar es Salaam au Mombasa akisema anapiga niru, anamaanisha kukolezea saruji juu ya zege bichi na kuilainisha kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae, mara nyingi ikiwa na rangi nyekundu ndani yake, kisha mwenye nyumba aitunze kwa nta. Kifaa kilibadilika, fikra haikubadilika. Hata wanakemia wa Ulaya walifuata njia hiyo kwa namna yao. Johann Nepomuk von Fuchs wa Bavaria alichunguza silikati inayoyeyuka majini mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye maji hayo ya kioo yakawa dawa ya zege linalotoa vumbi. Saruji inapoganda huacha chokaa huru ndani yake. Silikati huikuta chokaa hiyo na kuigeuza kuwa jiwe gumu zaidi. Sabuni ya Marrakesh na silikati ya Ulaya zinaitafuta chokaa ileile.

Epoksi ndiyo iliyokata uzi huo. Pierre Castan wa Uswisi, katika miaka ya 1930, alikuwa akitafuta kitu cha kutengenezea meno ya bandia, na Sylvan Greenlee wa Marekani akaifikia familia hiyohiyo ya kemikali akitokea kwenye kazi ya rangi. Otto Bayer naye alivumbua poliyurethani Ujerumani mwaka 1937. Viwanda vilitangulia kuvitumia vitu hivi sakafuni, kisha gereji za nyumbani za Marekani zikafuata. Sasa mpako una tabaka zake: epoksi ya chini, vipande vidogo vya rangi vinavyorushwa ikiwa bado mbichi, na vanishi angavu ya poliyurethani juu. Ile ya juu ina sababu yake, kwani epoksi ya kawaida hugeuka njano ikipigwa na jua. Lakini tazama kinachotangulia. Kabla ya tone la kwanza, fundi husaga uso wa zege kwa mashine au huuchoma kwa tindikali, kwa sababu mpako haushiki juu ya uso laini. Ulaini aliojivunia mpiga niru ndio unaoondolewa kwanza. Sakafu inajeruhiwa ili ipambwe, na uhai wa pambo lote unategemea mshiko kati ya vitu viwili visivyo na undugu. Mvuke wa maji ukipanda kutoka ardhini husukuma mpako ukavimba malengelenge. Tairi lililopata moto barabarani likisimama juu ya mpako dhaifu huulainisha, na likipoa huondoka nao.

Kuna watakaosema ninaipamba kazi ya zamani, na pingamizi lao lina uzito. Kupigilia sakafu kulihitaji umati, na pwani ya karne ya 19 umati huo mara nyingi ulikuwa wa watumwa. Hakuna uzuri wa chokaa unaoweza kufuta hilo, na kopo linalomwezesha mtu mmoja kumaliza gereji yake kwa siku chache ni nafuu ya kweli. Tena chokaa isingevumilia tindikali ya betri. Epoksi nzuri huivumilia, na mafuta hayaipenyi. Nayakubali yote. Hata hivyo mng'aro wa ndani haukufa pamoja na utumwa. Mashine zenye almasi leo husugua zege kwa zamu, kuanzia almasi kubwa hadi laini, huku silikati ikinywesha uso, na zege hung'aa bila utando wowote juu. Kazi ya mamia ya mikono inafanywa na mtu mmoja na mota. Rangi za chumvi za madini nazo hufanya vivyo hivyo: huungana na chokaa iliyomo kwenye saruji na kuacha madoa ya kahawia na kijani ambayo hayabanduki, kwa kuwa hakuna kilichobandikwa.

Kwa gereji inayomwagikiwa oili kila wiki, mimi pia ningechagua mpako. Ila ningeomba kwanza lifanyike jaribio ambalo mafundi makini hawaliruki. Karatasi ya plastiki yenye upana wa nusu mita hivi hubandikwa juu ya zege tupu, kingo zote zikizibwa kwa utepe, ikaachwa kwa saa 16 au zaidi. Asubuhi hufunuliwa. Kama chini yake kuna matone, au zege limegeuka jeusi, ardhi bado inapumua kupitia sakafu hiyo, na vanishi, hata iwe angavu kiasi gani, itakuwa imekaa katika njia ya maji.