Vita ya Dunia ilipopita mlangoni kwetu Busega

Wadau, leo tuweke siasa pembeni tuongee historia.

Ukishuka Nyashimo, makao makuu ya Wilaya ya Busega, kila kitu ni barabara ya Mwanza–Musoma: mabasi, malori na bodaboda. Ziwa liko jirani, ila wengi wetu tunalijua kwa dagaa na sangara tu. Kumbe kati ya 1914 na 1916 Mjerumani na Mwingereza walipigana humu humu Ziwa Victoria, na vita ilipoanza hakuna aliyekuwa na manowari!

Wakafanyaje? Waligeuza vyombo vya kiraia. Mwingereza, kule Kisumu, alizichukua meli za Reli ya Uganda: Winifred, Sybil, Kavirondo na nyinginezo. Zikafungwa mizinga. Mjerumani alikuwa na Muansa, boti ndogo ya kuvuta matishari. Jina hilo ni Mwanza kwa tahajia ya Kijerumani. Nayo ikapewa mzinga mdogo.

Boti moja dhidi ya kundi la meli! Mambo hayakwenda kirahisi. Novemba 1914 Sybil ilikwama mwambani karibu na Majita. Machi 1915 Winifred iliibana Muansa maeneo ya Rugezi, ule mlango mwembamba ambao wasafiri wa Ukerewe wamezoea kuvukia kwenda Kisorya. Muansa ikaishia ufukweni, lakini wenyewe wakaikwamua na kuitengeneza.

Mwenye meli ndiye aliyechagua mahali pa kupigana. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 meli za Kisumu zilishusha jeshi Bukoba, mnara wa simu ya upepo ukabomolewa na mji ukaporwa. Mjerumani akabaki kulinda pwani ndefu bila kujua adui atatua wapi. Julai 1916 Mwanza ikatekwa. Muansa ikazamishwa na Wajerumani wenyewe, na baadaye Waingereza wakaiopoa.

Shuleni tulikariri von Lettow-Vorbeck na vita ya Tanga. Sawa. Lakini mtoto wa Busega, aliyekua akiogelea Ghuba ya Speke, anamaliza kidato cha nne akidhani vita ile ilikuwa ya watu wa mbali. Swali la kizushi: tutalithamini vipi ziwa ambalo historia yake hatujafundishwa?

Tutafakari.